Kijitabu cha Mwisho cha Bwana Kisimani

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipojaa sabuni za kila rangi na redio kaseti, Lwitiko fundi cherehani alikuwa akitafuta makaratasi ya zamani. Watu walimcheka, na mkewe Jenifer alimcheka kuliko wote.

"Wenzako wanagombea mitumba ya Ulaya, wewe unagombana na muuza karanga!"

Na kweli aligombana naye, maana wauza karanga walivichana vile vijitabu wakafungia bidhaa. Vilikuwa vya mtunzi aliyejiita Bwana Kisimani, hadithi za majini, panga zinazosema, na Mji wa Chini ambako jua halifiki. Waliovichapa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kufunga milango. Sisi ujanani tulivisoma hadi majalada yakaachia, kisha tukaolewa, tukaviacha. Lwitiko hakuviacha. Alivifuata Nkunga, akavifuata Mpuguso, akatoa suruali mpya apewe kimoja kisicho na jalada, vyote akavipanga katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Alikosa cha mwisho tu. Humo ndimo ingejulikana kama Mwanahewa, msichana aliyefungiwa Mji wa Chini, alitoka au alibaki. Tangu ujana Lwitiko alikuwa amemwacha mlangoni, mkono kwenye komeo, na hakupata kukutana na mtu aliyejua mwisho wake.

Ndipo akasikia kwamba kipo Isongole, kwa marehemu Ambindwile, mkulima wa viazi.

Alipanda huko siku ya kuanua matanga. Ukungu ulikuwa mzito, watu uani wakaonekana miguu kabla ya nyuso. Marita, dada wa marehemu, alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Vitu vya kaka haviuzwi. Anapewa mrithi, pamoja na jina. Wewe ni wa hukuhuku, unajua."

"Mrithi ni nani?"

"Hatuna. Wanaume wetu wote wamelala pale nyuma ya nyumba. Na mama haoni. Kaka alikuwa akimsomea jioni, homa ikamchukua hawajamaliza. Sasa mama anataka amaliziwe, na amalize Ambindwile mwenyewe."

"Mimi nasoma vizuri tu."

"Basi pokea jina, upokee na kitabu."

Mzee Anyosisye, jirani yao, akakohoa. "Fundi, hilo si koti, ulijaribu halafu ulirudishe."

"Likinipwaya nitalipunguza, mzee."

Uani wakacheka, na yeye akacheka. Alidhani ni maneno ya kumfariji kikongwe, basi. Wakamvika koti la marehemu. Yeye aliyezoea kupima watu alishtuka: lilimkaa kila mahali, hata bega la kushoto, lililoshonwa kwa mtu ambaye bega lake limeshuka, na lake yeye halikuwa hivyo.

"Ambindwile!" wakamwita.

"Naam."

Bibi Atuganile, mama wa marehemu, alikuwa ameketi mekoni. Aligeuza uso kabla mgeni hajasema lolote.

"Umechelewa, mwanangu. Tumemwacha yule binti mlangoni."

"Nimefika, juba," akasema Lwitiko. Ndivyo kilugha cha huko kinavyomwita mama; yeye nyumbani kwao alimwita mama yake "mama" tu, siku zote.

Akasoma. Alisoma kwa pupa, akafunua kurasa za mwisho, na pale akaona mchwa wamezila. Zilibaki kingo tu, katikati tupu, akaona vidole vyake upande wa pili. Lakini kinywa hakikusimama. Sauti iliendelea, nzito, ina mkwaruzo wa mvuta kiko, naye hakuwahi kuvuta hata siku moja. Ilieleza komeo likiinuliwa, ikaeleza na yaliyofuata. Bibi akalia, kisha akacheka, mwisho akapiga makofi polepole.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kumbe ndivyo!"

Lwitiko alitoka nje, jasho likimtiririka katika baridi ile. Alitaka kuukumbuka ule mwisho. Hakupata hata neno.

"Marita, alitoka au alibaki?"

Marita alikuwa ameziba kinywa kwa pindo la khanga. "Mimi nilisikia sauti ya kaka. Maneno sikuyasikia."

Akarudi ndani mbio. "Juba, niambie, alitoka?"

"Si umesema mwenyewe sasa hivi?" Bibi alikuwa anatabasamu. "Utanisomea tena kesho."

Alikichukua kijitabu hadi Tukuyu. Akakifungua dukani, akakifungua kitandani, kila mara kingo na utupu, na kinywa chake kikawa bubu. Basi akapanda tena Isongole. Mwisho ulikuwa kule, mekoni, ndani ya koti lile, nao ulimtoka kila alipovuka kizingiti. Safari hii nitaushika, alimwambia Jenifer. Safari hii. Cherehani ikaanza kuota utando wa buibui. Akawa analala hukohuko, na kwa kuwa anakula, akashika na jembe.

Alasiri moja, akichimba viazi, alisikia mwanamke akiita kutoka barabarani. "Lwitiko! Lwitiko, wee!" Ukungu ulimficha. Sauti ile alikuwa ameisikia mahali, pengine sokoni. Mwanamke aliita mpaka sauti ikamkauka, na mtu wake haitiki.

Maskini, akawaza mwenye koti, amepotelewa na mtu. Akainama, akaongeza mwendo, maana jioni ilikuwa inakaribia na mama alikuwa anangoja kusomewa.