Tarumbeta ya Baba na Mistari Mitano

Agosti 1970 tulimzika baba, na siku ile ile baba mdogo Eliasi akaniletea tarumbeta ya marehemu. Ilinuka shaba iliyochacha na mate yaliyokaukia ndani. Nilipoitia mdomoni nilionja kutu ya kijani. Lakini nilikuwa na haja moja tu: kuipuliza kaburini kwake alfajiri ya Pasaka, kama ilivyo desturi yetu Walutheri wa Mlalo.

Baba alinifundisha kwa herufi za do, re, mi. Kwanza niimbe, ndipo nipulize, na karatasi ibaki nyumbani. Kila wimbo alinipa do yake kwa pumzi moja ndefu, nami nikaishika. Alizoea kusema, "Wimbo usiokaa tumboni haupandi mdomoni."

Baada ya Krismasi akaja mwalimu mpya wa bendi ya kanisa kutoka Tanga, kushika nafasi ya baba. Chama tawala kilitaka bendi yetu iweze kupiga pamoja na bendi nyingine viongozi wakija Lushoto, kwa hiyo sote tusome vitone vya muziki kwenye mistari mitano. Asiyevisoma hapulizi Pasaka. Ubaoni bado yalikuwapo maandishi ya baba ya do, re, mi; tangu msiba hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Huu ni uji wa watoto," alisema mwalimu, akayafuta kwa tambara bichi lenye uvundo.

Nilimchukia.

Usidhani nilikaidi, nilijitahidi. Chini ya kila kitone niliandika herufi kwa penseli, na wimbo wa kwanza ukatoka. Wimbo wa pili niliitafuta do pale pale ilipokuwa jana, kama mzee mwenye kigoda chake. Kumbe ilikuwa imehamia mstari mwingine, maana kila wimbo una do yake, na sasa hakukuwa na wa kunipulizia. Bendi nzima ikaniacha.

"Mghoshi," baba mdogo alinicheka, maana ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima, "unapuliza au unachinja mbuzi?"

"Vitone vinanidanganya, baba mdogo."

"Havidanganyi. Wewe unaimba moyoni. Acha kuimba, fuata vidole."

Nikaacha kuimba. Kitone hiki, kidole hiki. Nilijifunza upesi, na kila nilipopatia nilijisikia kama nimemeza kitu cha mtu mwingine. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, nami sikuweza kumtazama.

Alfajiri ya Pasaka palikuwa na ukungu. Nilisogeza karatasi karibu na taa ya chemli, nikapuliza wimbo wa baba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Watu walipoanza kuondoka, nilimwamkia mama, "Shikamoo."

"Marahaba. Umepiga vizuri." Aligeukia kaburi. "Ila hukulitazama kaburi hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Wakati ule nilidhani ananilaumu, nikakasirika, nikawachukia wote, mwalimu na mistari yake. Nimezeeka ndipo nikajua kwamba mistari haikuwa na ubaya wowote, na kwamba mama hakunilaumu. Alikuwa ametamani kuniona nikiimba kwanza, kama baba alivyomwimbia yeye kila Jumapili kabla ya kupuliza.

Mama alipiga magoti akaanza kung'oa magugu. Niliilaza tarumbeta kwenye majani yenye umande, nikapiga magoti upande wa pili, tukang'oa pamoja mpaka jua likatoka.