Kaburi la Ludara na Karatasi Yangu

Meza yangu ipo kwenye baraza la duka la fotokopi, mjini Koboko, na juu ya meza hiyo nimeshajenga ofisi nzima kichwani: mlango wa kioo, kiti cha kuzunguka, jina langu ukutani. Shule niliiacha kidato cha pili. Lakini tangu nianze kutumia akili mnemba ya kwenye simu, ripoti ya nesi, maombi ya mchungaji, barua za kutafuta kazi, zote hupita kwangu. Mimi naieleza kwa Kiswahili, yenyewe inatoa Kiingereza cha suti na tai.

Basi akaja mama mjane kutoka Ludara. Alikuwa anamuuzia mfanyabiashara wa Arua kipande cha shamba, wakaja pamoja kuandikiwa makubaliano. Wakanitajia mipaka. Mama hajamaliza hata soda yake, kurasa mbili zikawa tayari.

"Eh, wakili!" mnunuzi akanitania. "Umesoma chuo gani hiyo?"

"Chuo cha kidole, boss." Tukacheka.

Mama hakucheka. "Mutoto yangu, somea mimi. Inasema nini?"

Katikati kulikuwa na fungu refu lenye maneno nisiyoyajua. Niliona aibu kusema sijui, mbele ya mtu aliyeniita wakili. "Inasema wewe umeuza, yeye amenunua," nikajibu. Mama akaweka dole gumba.

Baada ya miezi miwili alirudi peke yake. Mnunuzi alikuwa amezungusha seng'enge, na ndani yake limo kaburi la mumewe. Alipokwenda kupalilia kaburi, alizuiwa na kuonyeshwa ile karatasi. Nikaitafuta nakala, nikaiuliza simu lile fungu lina maana gani. Ikanieleza vizuri kabisa: vyote vilivyo juu ya ardhi na chini yake ni vya mnunuzi, na muuzaji haruhusiwi kuingia.

Hakuna aliyeomba fungu hilo. Simu ililiweka tu, kwa mazoea ya mikataba ya kwingine. Na mama hakutaja kaburi, maana huku kwetu nani anauza kaburi?

"Mimi niliuliza wewe," alisema polepole. "Niliuliza inasema nini."

Kesho yake nikaenda Arua, nyumbani kwa mnunuzi, mtaa wa Awindiri. Alinikaribisha chai.

"Mdogo yangu, mimi iko napanga kujenga stoo pale. Karatasi iko na dole yake. Wewe ndiyo ulisema iko sawa."

"Nilidanganya, boss. Sikuielewa."

Akaweka kikombe chake mezani. "Basi kuja Ludara, sema hiyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Halafu mimi nitaona."

Nilisema. Watu walikuwa wengi, na wengine walikuwa wateja wangu. "Kumbe wakili hasomi!" mmoja akapiga kelele. Nikaandika karatasi nyingine kwa mkono, nikaisoma neno kwa neno kwa Kiswahili. Mama akanifanya niisome mara tatu. Mnunuzi akakubali kuliacha kaburi na kuweka geti, ila ufunguo akabaki nao.

Kwa hiyo mama akitaka kupalilia, hunipigia mimi, nami nampigia mnunuzi. Mpaka leo hajakataa. Lakini kila simu yake inapoita bila kupokewa, namwona mama amesimama kwenye seng'enge, jembe mkononi, akisubiri niseme neno.