Mama Hakuanguka

Jumanne nilikuwa wodini, hapa Morogoro mjini, nikimuuguza mama aliyefanyiwa upasuaji. Akataka kwenda chooni peke yake. Muuguzi mmoja, dada kijana, akamwahi.

"Shikamoo mama. Kaa kwanza pembeni ya kitanda."

"Marahaba. Mimi napanda milima na mkungu wa ndizi kichwani, choo kitanishinda?"

"Milima umeizoea, mama. Dawa za leo hujazizoea."

Akasogeza pembeni kandambili za mama zilizolika soli, akamvalisha viatu visivyoteleza, akamwekea mkono mgongoni. Mama aliposimama tu, magoti yakalegea. Muuguzi akamdaka, akamkalisha taratibu.

Nikamuuliza alijuaje.

"Juzi tulifundishwa namna ya kuzuia wagonjwa wasianguke. Tulishikana wenyewe kwa wenyewe, zamu kwa zamu. Mimi niliangushwa mara mbili," akasema, akacheka.

Walipojaribu tena, mama ndiye aliyenyoosha mkono. "Nishike vizuri, mwanangu."

Mimi nimehudhuria semina nyingi, nikarudi na begi na fulana. Semina ya dada huyu imenirudishia mama nyumbani akiwa mzima. Namshukuru, na aliyemfundisha namshukuru pia.