Wayo Chini ya Zulia

Harufu ya zulia la plastiki lililoloana naijua tangu utotoni, rafiki yangu. Mwaka huu iliniwahi kabla sijafika mlangoni kwa bibi, mtaani Mulongwe kando ya ziwa. Ziwa lilikuwa limeingia nyumbani likatoka, naye akaniita nimsaidie kung'oa zulia.

Nalikumbuka lilipoletwa kutoka Bujumbura, jekundu, lenye maua. Bibi alilianika uani kutwa nzima, huku akikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Plastiki inakumbuka namna waliyikunja," alituambia. "Juwa ndiyo inayisahaulisha." Kweli, jioni lilikuwa limenyooka. Fundi aliyekuja kulitandika akaona shimo dogo kwenye saruji ya sakafu, akataka kulijaza ili zulia likae sawa. Bibi alimfokea mpaka majirani wakatoka. Ule ulikuwa wayo wa dada yangu. Aliikanyaga saruji ikiwa bado mbichi, akicheka, na majira yaleyale ya mvua mto ukamchukua. Mwili haukuonekana. Kaburi hatukuwa nalo. Tulikuwa na huo wayo.

Basi zulia likatandikwa juu yake. Miaka ikapita, likabonyea taratibu mpaka vidole vikaonekana. Sisi watoto tuliparuka pale. Mimi nilipaogopa hasa, maana asubuhi nyingine palikuwa na maji, na hakuna aliyekuwa ameosha sakafu. Bibi alipafuta kwa kitambaa chake, akinong'ona.

Sasa tulipolifunua, ile saruji nyembamba yenye mchanga mwingi ilikuwa imegeuka tope tupu. Wayo haukuwepo. Bibi akaketi palepale kwenye unyevu. Nami nikaanza kulivuta zulia nje likauke.

"Weye! Usiyitie ku juwa!" alipiga kelele. "Juwa itamufuta, itamutosha mule!"

Nikaligeuza. Upande wa chini mguu mdogo ulikuwa umetuna, kisigino na vidole vyote. Nililia, sifichi.

Tulikata kipande kile, tukakilaza maua yakiwa juu chini ya kitanda chake, mbali na dirisha. Ua tulioanikia zulia umeshamezwa na ziwa, jiko nalo limekwenda. Bibi amekubali kuhamia kwangu mlimani, ambako maji hayafiki. Alikuja amekibeba kile kipande mwenyewe, akakilaza tena vilevile chini ya kitanda.

Tumeishi hapa kiangazi kizima sasa. Kila nikiinama asubuhi kufagia chini ya kitanda chake, nakuta ule wayo umejaa maji. Naufuta kwa kitambaa chake. Siku hizi nami nanong'ona.