Swali la Mama Cherehani

Mama Cherehani alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Mumewe, Fundi Redio, alifanya kazi chumba cha mbele, ameinamisha sikio juu ya redio za watu kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Walikuwa na amani yao, mpaka serikali ilipotangaza hali ya hatari.

Tangazo lile lilimpa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumweka mtu yeyote kizuizini kwa ajili ya usalama wa taifa, bila mahakama wala sababu. Asubuhi moja askari wakamchukua Fundi, chai yake ingali inatoka mvuke. Mkewe akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa mkuu.

"Mume wangu kafanya kosa gani?"

"Mama, wakati huu silazimiki kukujibu," alisema, akiendelea kumenya karanga.

Hali ya hatari ilipoondolewa, Fundi alirudi bila shtaka lolote. Ila sikio la kulia lilikuwa limekufa kwa makofi, na la kushoto lilitaka kelele. Redio akaziacha, akawa anakaa mlangoni kukata nyuzi za sare. Mkewe hakulia. Chozi lilimgeuka kaa la moto kifuani, naye akalifukia vizuri lisizimike.

Miaka ikapita. Mkuu akastaafu, akagombea ubunge. Mkutano wake wa kwanza, akiwa anaapa kuilinda katiba, Mama Cherehani alisimama mstari wa mbele kamshika mumewe mkono.

"Mheshimiwa, huyu hapa mume wangu. Ulimfunga kwa kosa gani?"

"Mama, yale yalikuwa mambo ya usalama wa taifa."

"Sawa. Sasa taifa liko salama. Kosa gani?"

Watu wakaangua kicheko. Mkutano wa pili, yupo. Wa tatu walimzuia getini. Akauliza akiwa nje ya uzio, na waliopotezewa waume na wana wakaitikia swali lile kwa sauti moja. Mheshimiwa akalalamika kwamba anaandamwa. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa! Jina likamganda: Kosa Gani. Siku ya kura akabwagwa vibaya.

"Basi, mke wangu," Fundi alisema. "Nyama umeshakula, mifupa mwachie."

"Mifupa ndiyo yenye utamu."

Mwezi uliofuata Kosa Gani akaja mwenyewe kwa miguu, kofia mkononi, shati linampwaya. Akakaa mbele ya Fundi.

"Ndugu yangu, hukuwa na kosa," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Fundi akamgeukia mkewe. "Anasema nini?"

Mama Cherehani akamkazia mgeni macho, kisha akainama kwenye sikio la kushoto na kupaza sauti: "Anaaga! Anasema anakwenda zake!"

"Mbona mapema? Haya baba, safari njema."

Mgeni akafumbua mdomo. Angeweza kulirudia neno lake kwa kelele, lakini mtaa mzima ungesikia. Akavaa kofia, akanyanyuka.

Mama Cherehani akamsindikiza mpaka barabarani, adabu zote, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia kola. Hakumwambia mumewe ukweli siku hiyo, wala hajamwambia hadi leo. Na usingizi anaupata vizuri tu.