Mchanga Juu ya Rangi Mbichi

Enzi za Mwingereza mume wangu alikuwa na mashua ya injini iliyobeba kahawa, ndizi na watu kutoka Bukoba hadi visiwa vya upande wa Muleba. Mwaka mmoja aliipaka sitaha rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kung'aa. Ilipendeza jamani! Watu walishuka ufukweni kuitazama tu. Mimi nikasema itateleza. Akanijibu kwamba kila kizuri mimi hukitafutia kasoro.

Mvua ikanyesha. Mama mkwe wangu akapanda kwenda kumsalimia binti yake aliyeolewa kisiwani. Hatua mbili tu, miguu juu! Tulimbeba kumrudisha nyumbani Buhembe, kiuno kimevimba. Akaapa kwamba hatatia tena mguu kwenye mashua ile hata mwanawe amlilie.

Yangeishia hapo, lakini wifi yangu, yule wa kisiwani, alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa wakati wa kuzaliwa, na mama yake alifika huko watu wameshazika. Safari hii wifi alituma neno: mama aje mapema, asimwache tena peke yake. Mama mkwe alipolisikia, usingizi ukamkimbia. Kila asubuhi aliuliza ziwa limeamkaje, na tukimwambia limetulia, alijifunika blanketi. Nilimhurumia sana, ingawa mimi na yeye hatukuwa watu wa kuoneana huruma.

Mume wangu akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: akatandika nyasi. Nyumba zetu zote zilitandikwa nyasi laini, mgeni anakaa, mtoto anatambaa, hakuna anayeteleza. Alisahau kwamba nyasi za nyumbani zimelala juu ya udongo, siyo juu ya rangi ya mafuta. Mpagazi wa kwanza kupanda na gunia la kahawa aliteleza na nyasi zake mpaka ukingoni, chubwi, majini! Nilicheka hadi nikakaa chini.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona. Mpagazi yule aliposaidiwa kupanda tena, alikanyaga pembe moja karibu na usukani, na pale mguu wake ulisimama imara. Kwa nini pale? Niliinama nikapapasa. Palikuwa panakwaruza. Kumbe siku ya kupaka, upepo ulikuwa umepeperusha mchanga wa ufukweni ukanasa kwenye rangi mbichi, na mume wangu alilalamika wee, kwamba uchafu umemharibia kazi. Uchafu!

Tangu hapo sikutulia. Nilikusanya vipande vya mbao nyuma ya nyumba, nikavipaka rangi iliyobaki. Kimoja nikakinyunyizia majivu, kingine maganda ya kahawa, kingine mchanga. Vilipokauka nikavimwagia maji, nikawa navikanyaga kimoja kimoja. Jirani akachungulia, akauliza kama nacheza ngoma. Majivu yaliteleza kama sabuni. Maganda yalishika vizuri mno, nikajisifu, halafu yakavimba na kubanduka. Mchanga haukubanduka.

Basi tukaikwangua sitaha, tukaipaka upya. Rangi, kisha mchanga wa kurusha kwa kiganja kabla rangi haijakauka. Ilipokauka tukafagia uliolegea, tukapitisha rangi nyepesi juu yake. Tukaimwagia ndoo za maji, tukatembea, wapagazi wakakimbia na magunia. Hakuna aliyeyumba. Mama mkwe akaletwa aone.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale juu ya sitaha. Kumwona tu nikapiga magoti kumsalimia, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimia mkubwa wake. Aii! Niliinuka magoti yanatoka damu. Sote tulikuwa tumeijaribu kwa nyayo. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka magoti.

Mama mkwe akayatazama. “Waitu, jamani, humo wanawake watasalimianaje?” Akageuka kurudi nyumbani, na mimi nikalia kwa hasira. Mimba ya wifi ilikuwa imefika ukingoni.

Nikachukua chekecheke langu la unga, nikaenda ufukweni kuchekecha mchanga mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Mume wangu akakwangua tena. Tukapaka, tukanyunyiza ule mlaini kidogo kidogo. Ulipokauka nikapiga magoti, nikainuka, nikapiga tena. Salama. Nikamwambia naye apige. Akaniuliza kama nina akili timamu, mwanamume apige magoti mbele ya wapagazi! Nikamwambia basi, mama yako abaki Buhembe. Akatazama huku na huku, akapiga.

Mama mkwe akaja. Akatanguliza mguu mmoja, akausugua kwenye sitaha, akaweka wa pili. Njia nzima alinishika mkono, kucha zake zimezama kwenye ngozi yangu. Alikaa kwa wifi, sisi tukarudi Bukoba na mizigo.

Sikulala vizuri hadi mashua ilipokwenda tena kisiwani, nami nikiwa ndani. Tulipokaribia, tulimwona mama mkwe ufukweni, amejifunika kanga, anatusubiri. Mume wangu akazima injini, akawa anautazama uso wa mama yake, anaogopa kuuliza. Mashua ikagusa mchanga. Akaruka majini amshike, kama tulivyomshika safari ya kuja.

“Niache,” akamwambia. “Utamwamsha.”

Akapanda peke yake, hajashika ukingo, hajashika mtu, wifi nyuma yake ufukweni anacheka. Akatembea hadi katikati ya sitaha, mikono yote miwili imembeba mtoto.