Jua Lililouzwa Al Kamil

Niliondoka Maskati Jumatano alfajiri kwa sababu ya karatasi. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili ambapo paneli za sola zilianza kuonekana mojamoja mashambani, na ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ikauza hati za umeme wa jua. Naeleza mapema, maana mama yangu mpaka leo anadhani nilikuwa nauza betri. Mkulima akivuta maji ya kisima kwa umeme wa jua, umeme ule anautumia mwenyewe shambani kwake, ila anaandikiwa hati kwamba kiasi fulani cha umeme kimetoka kwenye jua. Hati hiyo hununuliwa na mwenye kiwanda mbali huko, anayechoma gesi usiku na mchana, ili apate kusema kwamba kwa kiasi kile na yeye katumia umeme safi.

Mwanzoni bei ilikuwa nzuri, kisha ikaanza kushuka. Mkuu wangu akataka wakulima watie saini ya mwaka mzima kabla hawajanusa habari. "Asya," akaniambia, "wale ni watu wako waliorudi kutoka Afrika, mnasemezana Kiswahili chenu, nenda." Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Ami Nasor, ndugu wa marehemu baba yangu. Yeye alikwisha kujaribu mwezi mmoja, na aliyemshawishi ni mimi, kwa maneno matamu na kilo mbili za halwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa Ibra. Soko la Jumatano ni la wanawake, wauzaji na wanunuzi, na Bi Raya, mke wa ami, huwa hakosi. Nilimkuta kati ya vikapu vya ndimu kavu, miwani puani, anambishia mteja.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Maskati hakuna chakula?" Kabla sijajibu akanikamata mkono. "Na hiyo karatasi yako, wallahi, imetutia balaa. Tangu ami yako atie saini, dizeli imetumaliza. Kelele kutwa."

"Kwani paneli zimeharibika?"

"Nzima kama siku ya kwanza. Kamuulize mwenyewe, mie nimechoka kusema."

Nikadhani ni maneno ya mke aliyemchoka mumewe, yale ya kila siku. Soko lilipovunjika nikampakia na vikapu vyake tukashika njia ya Sur.

Alasiri tukafika Al Kamil. Mashine ya dizeli tuliisikia kabla hatujaiona mitende. Nyuma ya kisima zilikuwapo zile paneli, zimefunikwa turubai la kijani, limefungwa kamba pembe zote na kukandamizwa kwa mawe. Mtu aliyelifunga hakutaka hata upepo ulifunue. Ami akatoka upande wa mashine anafuta mikono, moshi umemjaa kwenye ndevu.

"Shikamoo, ami. Mbona umezifunika?"

"Marahaba. Si nimeuza?"

"Umeuza nini?"

"Jua la mwezi huu! Nimetia saini mbele yako, nimepokea pesa. Sasa mali ya mtu niitumieje?"

Ami kazaliwa Manah, na huko maji ya falaji, yale yanayoshuka kwa mfereji kutoka chini ya mlima, hugawanywa kwa zamu. Ukiuza zamu yako mnadani, unayaacha maji yapite mbele ya shamba lako yaende kwa aliyenunua, hata kama mitende yako inakauka. Kufungua mlango wa mfereji kwenye zamu uliyoiuza ni wizi, na hakuna jina jingine. Ujana wake aliumalizia Tabora, uzee umemkuta Al Kamil, lakini sheria ya mfereji hajaiacha. Kauza jua, basi kalifunika ampishe mwenyewe.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa birika la maji ya kisima. Bi Raya naye akacheka, "Nilimwambia, lakini huyu husikia?" Ami akasimama tu. Nilipopata pumzi nikamfahamisha kwamba kilichouzwa si jua lenyewe.

"Kwa hiyo ningezitumia?"

"Ndiyo, ami. Hiyo hati ndiyo inayosema kwamba umezitumia."

Akaligeukia lile turubai. "Na mimi sikuzitumia."

Hapo kicheko kikanikatika. Ofisi yetu haikumfungia mtu mita. Tulihesabu paneli, tukahesabu siku, tukakisia, tukaandika. Hati ya ami ya mwezi ule tulikwisha kuiandika kana kwamba paneli zinafanya kazi, na tulikwisha kuiuza, huku paneli ziko chini ya turubai na kando dizeli inanguruma.

"Basi mimi nimemuuzia mtu nini?" akauliza.

"Hukujua, ami."

"Kutojua kwangu kunampa yeye kitu gani?" Akaingia ndani akarudi na bahasha ya pesa, ileile niliyompa, haijafunguliwa. "Mrudishie. Mwambie Nasor alimuuzia kitu ambacho hakuwa nacho. Na hiyo saini yako ya mwaka usinitajie mpaka mwenyewe arudishiwe chake."

Usiku wote sikupata usingizi kwa aibu. Ami ni mtu ambaye watu humwekea amana zao, na mimi nimemfanya laghai kwa kalamu ya ofisi. Asubuhi, nikiwasha gari, akainama dirishani: "Keshokutwa, ukirudi, pitia Manah baada ya swala ya Ijumaa. Katazame maji yanavyouzwa."

"Keshokutwa ni Jumamosi, ami. Leo Alhamisi."

"Basi kesho. Dizeli imenitoa akili."

Adhuhuri ya Alhamisi nilikuwa Sur, kwa Bwana Khalfan, mwenye duka la barafu karibu na soko la samaki, paneli kazipanga juu ya paa. Kiswahili chake ni cha Unguja mjini, kimetulia, hakina haraka. Nilimpigia simu mkuu wangu mbele yake, nikamweleza habari ya turubai. Mkuu akacheka kama nilivyocheka mimi, ila yeye hakukoma.

"Hati ishauzwa, Asya. Na bei ya leo ni ya kununulia karanga. Nani atahangaika? Lete saini."

Bwana Khalfan alikuwa kasikia. "Kwani bei imeangushwa na nini?"

Nikamwambia kweli, nilikuwa sina nguvu ya kusema uongo. Kila mwenye paneli kakimbilia kuandika hati, na nchi nyingine wameleta za upepo, marundo kwa marundo. Wanunuzi ni walewale wachache. Huku kwetu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua, anayenunua hununua apambe taarifa yake ya mwaka.

"Na hati zisiponunuliwa zinaoza?"

"Haziozi."

"Mie barafu yangu ikikosa mteja, jioni ni maji. Kesho naanza upya. Yako inakaa kabatini inangoja na ya kesho, na ya keshokutwa." Akanimiminia kahawa. "Na kuiandika kunagharimu nini?"

"Kalamu."

"Lo! Basi, mwanangu, bei hiyo haina pa kusimama. Mie saini yangu sitii, usinione vibaya."

Sikumwona vibaya. Nilimwonea wivu.

Ijumaa nikakata njia ya Sinaw, nikafika Manah watu wanatoka msikitini. Mnada ulikuwa pembeni mwa mfereji. Wanaume wamekaa chini, migongo ukutani, dalali anakwenda na kurudi mbele yao akiinadi zamu mojamoja. Niliegesha gari kivulini nikatazama kutokea mbali. Mvua zilikuwa zimekosekana, na bei ilipanda kila dalali alipogeuka. Nusu saa ya maji waliigombea watu watatu, na aliyeshindwa aliondoka kweli kanuna, kwa sababu mitende yake ingelala na kiu. Aliyeshinda alitia mkono mferejini, akayapima maji kwa kiganja.

Dalali ni jamaa yake ami. Alipomaliza akanijia, nikamwamkia, na kwa Kiarabu nikamuuliza: mtu akiuza zamu, kisha maji yasifike kwa mnunuzi, hufanyaje?

"Humrudishia mwenzake pesa zake, kisha anasimama hapa mbele za watu anasema, niliuza nisichokuwa nacho."

"Na kama mwenzake hakugundua?"

Akanishangaa. "Hagunduije? Shamba lake si litakuwa kavu?"

Nilikwenda Nizwa kulala kwa jamaa, na neno hilo halikunitoka. Mnunuzi wetu hana shamba la kukauka. Tungemtumia hati ya kweli au ya turubai, taa za kiwanda chake zingewaka vilevile. Ndiyo maana hakuna aliyedai mita, na ndiyo maana sisi tuliandika mpaka bei ikafika ya karanga.

Jumamosi asubuhi niliiweka bahasha mezani kwa mkuu. Akaisukuma upande wangu kwa kidole. "Mpe ami yako anunue dizeli." Mchana wa siku hiyo nilimwandikia mnunuzi mwenyewe, kwa jina langu, nikasema hati ile ni tupu na pesa zake ninazo. Nilijua kazi hiyo nimeiaga, na kweli sikumaliza nayo mwezi.

Jibu likaja siku ya tatu, la adabu kabisa. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Taarifa yao ya mwaka ilikuwa imekwisha kuchapishwa, hivyo wangependelea mambo yabaki yalivyo.

Nilichojifunza katika safari ile ni hiki: bei ya kitu huwekwa na mtu ambaye akikikosa ataumia. Mimi nilizunguka mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah nikitafuta saini za kitu kinachouzwa kwa watu wasiojali kama wamekipata, na wa pekee aliyejali alikuwa muuzaji.

Nilimsomea ami barua ile kwa simu, neno kwa neno. Nilipofika mwisho akakata simu. Ijumaa iliyofuata akapanda gari mpaka Manah, akasimama mnadani mbele ya watu wasiojua hati ya jua ni nini, akasema aliuza asichokuwa nacho. Jioni akanipigia.

"Wamenisamehe wote," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini si wao niliowauzia."